Kibubu chenye Pande Nne: Namna ya Kuwaalika Marafiki Mtengeneze Malengo kwa Mikono

Malengo mengi ya mwaka mpya huishia mdomoni. Mtu anatangaza Januari kwamba mwaka huu atajenga, atarudi shule, atafungua biashara au ataacha pombe. Mvua za masika zikianza, hakumbuki hata alimwambia nani. Wengi hujilaumu kwa uvivu, lakini mara nyingi kasoro iko kwenye lengo lenyewe: halina kiasi, halina tarehe, halina mahali linapokaa ndani ya nyumba, na halina mtu wa kuliulizia. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kulipatia vyote vinne katika alasiri moja, nyumbani kwako, pamoja na marafiki wachache.

Nauandika kwanza kwa ajili ya watu wa Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro, ambako vifaa vingi vya kazi hii vinapatikana bure au kwa bei ndogo: vipande vya vitenge kwa mafundi cherehani, magome makavu ya mgomba, maboksi ya dukani, na katani kutoka ukanda wa mashamba ya mkonge. Ukiwa Mbagala, Iringa au Tanga, badilisha vifaa tu. Utaratibu ni uleule.

Mtakachotengeneza

Kila mgeni ataondoka na kibubu alichokipamba mwenyewe. Kibubu tunakijua wote: kisanduku kilichofungwa, kina tundu moja juu, na hakifunguliwi mpaka siku iliyokubaliwa. Hiki chenu kitakuwa na pande nne zenye kazi:

1. Upande wa kwanza: picha ya lengo.
2. Upande wa pili: kiasi na tarehe.
3. Upande wa tatu: kikwazo na jibu lake.
4. Upande wa nne: jina la kibubu na jina la shahidi.

Lengo si lazima liwe la fedha. Anayetaka kusoma, kufanya mazoezi au kuacha sigara atatumbukiza kikaratasi kila siku anapotimiza. Siku ya kufungua, vikaratasi vitahesabiwa kama noti zinavyohesabiwa.

Siku na wageni

Waalike watu watano hadi wanane. Wakipungua sana, mazungumzo yanapoa. Wakizidi, hakuna atakayepata muda wa kusikilizwa. Chagua watu wanaotunza siri na wanaoombeana mema. Changanya rika kama mnaheshimiana: mama jirani aliyekwisha kusomesha watoto ana mengi ya kumfundisha kijana anayeanza maisha, naye kijana ana mbinu za simu asizozijua mama.

Jumamosi alasiri inafaa watu wengi. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu asubuhi yake ni ya usafi wa mazingira na maduka huchelewa kufunguliwa, nawe utataka kununua vitu kabla ya wageni kufika. Wiki ya kwanza ya Januari ina msisimko wake, ila fedha nyingi huwa zimeelekea kwenye sare na madaftari. Kwa mkulima, wakati mzuri zaidi ni baada ya mavuno, akiwa anajua alichopata. Mwaka wako unaanza siku unayoamua kuuanza.

Ujumbe wa mwaliko uwe mfupi na useme wazi mgeni aje na nini. Unaweza kuandika hivi:

"Habari ya leo, dada yangu. Karibu nyumbani Jumamosi, saa 8 mchana hadi saa 12 jioni. Tutakaa watu sita, kila mtu atengeneze kibubu chake na kuandika lengo lake moja. Njoo na mkasi, kalenda ya zamani, na nguo usiyoogopa kuichafua. Chakula kipo."

Mgeni anayetoka Dar es Salaam anaweza kuja asubuhi na treni ya mwendokasi, iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024, kisha akapanda daladala au bajaji kuelekea Kingolwira. Kwa kuwa wageni watahitaji kurudi makwao, shughuli ifungwe saa 12, giza lisiwakute barabarani.

Vifaa

Changishaneni vitu badala ya fedha. Mwenyeji asibebe mzigo peke yake. Kwa watu sita mtahitaji:

- Visanduku sita. Fundi seremala anaweza kuvitengeneza kwa vipande vya mbao vilivyobaki, urefu wa sentimita 20, upana 12, kimo 12. Mkikosa, tumieni makopo ya maziwa ya unga au maboksi magumu ya viatu. Kopo ni la mviringo, kwa hiyo ligawe kwa mistari minne ya penseli.
- Kalenda na magazeti ya zamani kwa ajili ya picha.
- Karatasi nyeupe nzito, kalamu za rangi, penseli na rula.
- Mikasi miwili au mitatu na kisu kimoja kikali, kishikwe na mtu mzima.
- Vipande vya kitenge na kanga. Mwambie fundi cherehani mapema akuwekee. Vinavyotupwa jioni kwake ndivyo mapambo yenu.
- Magome makavu ya mgomba. Yapanguse vumbi, yalaze chini ya kitu kizito usiku mmoja yanyooke. Yana rangi za asali, kahawia na nyeusi ambazo hazihitaji kupakwa chochote.
- Kamba ya katani ya kuzungushia pembe na kufungia.
- Gundi ya unga, na chupa ndogo ya gundi nyeupe ya mbao.
- Mawe madogo ya kukandamizia karatasi upepo ukivuma.

Tundu la kibubu litobolewe kabla ya wageni kufika: urefu sentimita 5, upana nusu sentimita. Noti iliyokunjwa mara mbili inapita, sarafu ya Sh 500 inapita, na kidole cha mtoto hakipiti.

Gundi ya unga

Pika asubuhi ya siku yenyewe, maana ikilala siku mbili kwenye joto la Morogoro inachacha. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, ukoroge na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji. Yakitokota, mimina mchanganyiko taratibu huku unakoroga. Endelea dakika tatu hadi tano, mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa na uanze kung'aa. Tia kijiko cha chumvi, epua, iache ipoe.

Paka nyembamba. Tabaka nene linakunja karatasi na halikauki, hasa siku za unyevu wa vuli na masika. Mende na panya hupenda unga, kwa hiyo kazi ikishakauka pakeni juu yake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Inakauka ikawa ngozi ngumu isiyo na rangi, na inalinda picha zisichubuke.

Ratiba ya alasiri

*Saa 8:00, kupokeana.* Tandika mikeka barazani au chini ya mwembe, vifaa vikae katikati kila mtu avifikie. Watoto wapewe mkeka wao na karatasi zao.

*Saa 8:30, mzunguko wa kwanza.* Kila mtu aseme mambo mawili ya mwaka uliopita: moja lililokwenda na moja lililokwama. Anza na mkubwa kwa umri, kwa heshima, na kwa sababu mkubwa akikiri kwamba jambo lilimkwamia, wadogo hupata ujasiri wa kusema ukweli. Hakuna kushauri katika mzunguko huu. Kusikiliza tu.

*Saa 9:00, kimya cha robo saa.* Kila mmoja aandike malengo yote yanayomjia, kisha ayakate mpaka libaki moja. Mengine hayajafa, yanasubiri zamu.

*Saa 9:15, upande wa kwanza na wa pili.*

*Saa 10:00, mapumziko.* Wageni Waislamu wapate nafasi ya swala ya Alasiri, na chakula kiletwe. Andaa vitu visivyochuruzika mafuta, la sivyo karatasi zitachafuka: magimbi, mihogo na viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu, na chai ya tangawizi na mdalasini. Mdalasini na matunda ya milima ya Uluguru utayapata Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini. Nawisha mikono kabla watu hawajarudi kazini.

*Saa 10:30, upande wa tatu na wa nne.*

*Saa 11:30, kushuhudiana na kufunga.*

Upande wa kwanza: picha

Tafuta picha inayofanana na maisha yako. Anayetaka chumba na sebule asibandike ghorofa la Dubai. Ukikosa picha, chora, au tengeneza kwa vipande: paa kwa gome la mgomba, ukuta kwa kitenge, njia kwa katani. Picha iliyoundwa hivi inachukua nusu saa, na hiyo nusu saa ndiyo faida yake. Wakati vidole vinakata na kubandika, akili inabaki kwenye jambo moja, nawe unaanza kujiuliza maswali yenye maana: vyumba vingapi, kwenye kiwanja kipi, pamoja na nani.

Angalia sana usimchagulie mwenzako. Uluguru ina funzo chungu kuhusu hili. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milimani kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, mkulima hakuiona faida, na amri ilitoka juu. Mwaka 1955 vurugu zikazuka Matombo, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Upande wa Mgeta, hata hivyo, wakulima wamelima mboga kwenye ngazi kwa miaka mingi, kwa sababu kabichi na karoti ziliwaletea fedha. Kazi ile ile ya jembe ilidumu kwa aliyeitaka na ikakataliwa na aliyelazimishwa. Kwa hiyo rafiki akisema anataka kufuga kuku watano tu, usimwambie aweke mia.

Upande wa pili: kiasi na tarehe

Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, waliokusanya utafiti wao katika kitabu cha mwaka 1990, walionyesha kwamba mtu aliyepewa lengo bayana na gumu hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa tu ajitahidi awezavyo. "Nitaweka akiba" ni kujitahidi. "Sh 300,000 ifikapo wiki ya 40" ni lengo.

Piga hesabu kurudi nyuma. Sh 300,000 ukizigawa kwa wiki 40 ni Sh 7,500 kwa wiki. Je, kipato chako kinaziruhusu? Kama hakiruhusu, ongeza wiki au punguza kiasi, hapo hapo mkekani. Hesabu hizi ziwasaidie: Sh 2,000 kila wiki kwa wiki 52 ni Sh 104,000, Sh 5,000 kila wiki ni Sh 260,000, Sh 1,000 kila siku kwa mwaka mzima ni Sh 365,000. Mwenye lengo lisilo la fedha aandike idadi: kurasa 10 kila siku, matembezi matatu kila wiki, siku 90 bila pombe.

Andika kwa tarakimu kubwa, zisomeke kutoka mlangoni. Ambaye hataki kiasi chake kijulikane aandike idadi ya wiki peke yake. Kipato cha mtu ni siri yake, na mwenyeji ailinde.

Upande wa tatu: kikwazo na jibu

Huu ndio upande unaosahaulika, na ndio unaookoa lengo. Gabriele Oettingen, mtafiti wa saikolojia, aligundua kwamba watu wanaoota mafanikio matamu bila kufikiria vizuizi hujituma kidogo kuliko wenzao. Ndoto tupu huustarehesha mwili kana kwamba kazi imekwisha. Naye Peter Gollwitzer, katika andiko la mwaka 1999, alieleza nguvu ya mpango mfupi wenye sura hii: likitokea hili, nitafanya lile.

Kila mtu aandike sentensi moja au mbili za namna hiyo:

- "Nikiombwa mkopo wa kibubu, nitasema kimefungwa mpaka Desemba."
- "Mvua ikiharibu biashara ya wiki, nitaweka Sh 1,000 badala ya kuacha kabisa."
- "Rafiki akinialika baa siku ya mshahara, nitamwambia tukutane kesho yake asubuhi kwa supu."

Vikwazo vya ukoo navyo viandikwe. Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Anayepanga kujenga juu ya ardhi hiyo aandike kwamba hatua yake ya kwanza, kabla ya tofali, ni kuzungumza na mjomba na wakubwa wa ukoo. Tofali lililotangulia mazungumzo limevunja nyumba nyingi.

Hapa ndipo ushauri unaruhusiwa. Wekeni vibubu katikati, kila mtu asome kikwazo chake, wengine waseme waliwezaje kukivuka.

Upande wa nne: jina na shahidi

Kanga ina pindo, mji na jina. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanawake wa Afrika Mashariki wamesema kwa jina la kanga yale ambayo midomo haikuweza. Kipatie kibubu chako jina la namna hiyo: maneno machache, yenye mdundo, yanayosema msimamo wako. Tungeni yenu wenyewe. Mifano: "Sisemi sana, cherehani itasema." "Tofali kwa tofali, kwangu si mbali." "Nimeanza leo, kesho sitarudi nyuma." Andikeni ndani ya fremu kama ya kanga, na pindo la vipande vya kitenge pande zote. Sehemu hii huleta vicheko vingi, iachie muda.

Chini ya jina, andika jina la shahidi. Gaweni wawili wawili, na idadi ikiwa witiri kundi moja liwe la watatu. Shahidi asiwe mume au mke wako, kwa kuwa nyumbani kuna mambo mengine ya kuulizana. Kazi yake ni ndogo na ina mipaka: atauliza mara moja kwa mwezi, kwa upole, na hatatangaza jibu.

Kushuhudiana

Saa 11:30 simameni duara. Mmoja mmoja anyanyue kibubu, asome jina, aseme lengo, tarehe na kikwazo. Shahidi wake ajibu: "Nimesikia, nitakuuliza." Kisha shahidi atumbukize sarafu ya kwanza au kikaratasi cha kwanza. Hotuba ndefu hazihitajiki. Anayetaka kuomba dua aombe kwa kifupi, kwa namna ambayo Mkristo na Mwislamu wote wataitikia amina.

Baada ya siku hiyo

Weka kibubu mahali unapokiona kila siku lakini mgeni wa sebuleni hakioni. Cha mbao kisikae sakafuni, mchwa watafika kabla yako. Kiinue, na fedha ziangukie kwenye kopo lililotangulizwa ndani. Kwa fedha nyingi kibubu si salama, wezi na moto vipo. Mkiona mtavuka laki moja, tengenezeni kifuniko cha chini kinachofungwa kwa skrubu. Kila mwisho wa mwezi mtoe fedha, mzipeleke benki au kwenye akaunti ya simu, na mwache ndani kikaratasi kinachoonyesha kiasi kilichohamishwa.

Mara nyingi kundi likinoga, mtu atapendekeza mchangishane fedha na kukopeshana. Wazo ni jema, ila hicho ni kikoba, si kibubu. Kiwekeni siku yake, chenye katiba, viongozi na daftari, na kisajiliwe kwenye halmashauri kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavyovitaka vikundi vya kijamii. Urafiki ulioingizwa kwenye mikopo bila maandishi huvunjika haraka.

Kutaneni tena katikati ya mwaka. Kwa watu wa Morogoro siku nzuri ni karibu na tarehe 8 Agosti, wakati maonyesho ya Nane Nane yanapowakutanisha watu mjini. Mtikise vibubu, msome upande wa tatu, mbadilishe jibu lisilofanya kazi. Aliyekwama asichekwe, apunguziwe kiasi na aendelee. Mwisho wa mwaka fungueni vyote siku moja, hesabuni mbele ya mashahidi, na kila mtu aende kununua, kulipa au kuanza alichokiandika kabla fedha haijapata kazi nyingine.

Usisubiri uwe na meza nzuri, viti vya kutosha au fedha za karamu. Mkeka, sufuria ya gundi na watu watano wanaokutakia mema vinatosha. Chagua Jumamosi yako sasa, andika ule ujumbe, na utume kabla hujaweka simu chini.